Mzee abaki, apunguze siku, apewe mkataba wa mwaka, au tuandike umri wa kustaafu?

Fungua kabati la majalada katika karakana ya Nakuru, hoteli ya Kisumu au shule ya binafsi ya Kakamega, utakuta barua za ajira za zamani hazisemi lolote kuhusu kustaafu. Ni ukurasa mmoja: cheo, mshahara, sahihi, basi. Miaka ishirini na kitu imepita. Leo fundi ana miaka 63, anafika saa moja kasorobo kila asubuhi, na hakuna aliyewahi kumuuliza anafikiria kupumzika lini. Mwenye kampuni naye hajui aanzie wapi.

Ziko njia nne za haki, na kila moja ina gharama yake na mtego wake. Tunazilinganisha hapa kwa ajili ya mwajiri mwenye watu kumi hadi mia moja hivi, na kwa mfanyakazi anayetaka kuelewa karatasi anayowekewa mezani kabla hajatia sahihi.

Miaka 60 ni ya nani?

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 haina kifungu kinachomtaka mfanyakazi wa kampuni binafsi astaafu akifika umri fulani. Ile 60 inayotajwa kila mahali ni ya watumishi wa umma. Ilikuwa 55 hadi ilipopandishwa mwaka 2009, na mtumishi mwenye ulemavu huenda hadi 65. Majaji huenda hadi 70. NSSF nayo hutumia 60 kama umri wa kudai pensheni, na 50 kwa anayestaafu mapema, lakini kufikisha umri wa kudai pesa zako si amri ya kuacha kazi.

Kwenye kampuni binafsi umri wa kustaafu hutoka katika mkataba wa mtu mwenyewe, katika mkataba wa pamoja na chama cha wafanyakazi, au katika kanuni za kampuni ambazo mfanyakazi alionyeshwa. Kama haumo humo, haupo. Ukimwandikia mtu "umefika 60, asante kwa utumishi wako", umemwachisha kazi, na itakubidi uthibitishe sababu ya haki kama ambavyo ungefanya kwa kijana wa miaka 30. Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010 kinataja umri miongoni mwa mambo ambayo mtu hawezi kubaguliwa kwayo.

Basi anza kwa kuuliza kama kuna mkataba wa pamoja. Mashamba mengi ya maua Naivasha na ya majani chai Kericho na Nandi yana mkataba na KPAWU, chama cha wafanyakazi wa mashamba chenye makao makuu mjini Nakuru, na kifungu cha kustaafu hutafutwa humo kwanza. Kikiwemo, fuata hicho, na sehemu kubwa ya swali imejibiwa. Makala haya ni ya wale wasio nacho.

Kipimo tunachotumia

Kosa linalorudi katika migogoro ya aina hii ni ukimya unaotokana na heshima. Meneja wa miaka 32 anamwonea haya mtu wa rika la babake. Hawezi kumwambia kwamba kazi imeshuka, kwa hiyo anampa kijana sehemu ya kazi ile bila kusema, anarekebisha makosa jioni watu wakiondoka, na mwaka unapita, wa pili unapita. Siku moja mteja mkubwa anarudisha mzigo, mwenye mali anakasirika, barua inaandikwa alasiri hiyohiyo na mzee anasindikizwa hadi langoni. Mbele ya Mahakama ya Ajira, iwe Nakuru, Kisumu, Kericho au Bungoma, swali linakuja mapema: mlimwambia lini? Jalada liko tupu. Mahakama inaweza kuamuru fidia ya hadi mishahara 12. Kwa mtu wa shilingi 32,000 hiyo ni 384,000, kabla ya notisi na siku za likizo zilizobaki.

Kwa hiyo kila njia hapa tunaipima kwanza kwa jambo hilo: inawalazimisha watu kuzungumza mapema, au inawapa nafasi ya kunyamaza?

Njia ya kwanza: mkataba ubaki wazi, kazi ndiyo ipimwe

Mtu anakaa mradi kazi inafanyika vizuri na kwa usalama. Kwa karatasi ndiyo njia nyepesi kuliko zote. Kwa usimamizi ndiyo nzito, maana hakuna tarehe ya kukuokoa. Uingereza ilipofuta umri wa lazima wa 65 mwaka 2011, waajiri wa huko walijikuta papo hapo pengine ulipo wewe leo: wakitaka mtu aondoke, lazima waseme ni nini kilichopungua katika kazi, na waonyeshe.

Kinachotakiwa kwanza ni karatasi ya mahitaji ya kila kazi, ukurasa mmoja. Andika uzito unaobebwa na mara ngapi kwa saa, saa za kusimama, kupanda ngazi, kusoma vipimo vidogo, kuendesha mashine, zamu za usiku. Andika kazi, usiandike mtu. Chukua ghala la mahindi la Nakuru. "Kubeba gunia la kilo 90 mgongoni" si hitaji la kazi, ni mazoea tu. Hitaji ni gunia litoke kwenye lori lifike kwenye mizani. Ukiliandika hivyo, utaona kwamba toroli la magurudumu mawili na jukwaa lenye kimo cha lori vinafanya kazi ileile, na mtu wa miaka 58 anabaki. Tena gunia la kilo 90 linaumiza mgongo wa kijana wa 25 vilevile, ila yeye atalalamika baadaye.

Kisha weka mazungumzo ya kila mwaka kwa kila mfanyakazi, wa miaka 24 na wa miaka 64, mwezi uleule, maswali yaleyale. Ukiwaita wazee peke yao umejitengenezea mwenyewe ushahidi wa ubaguzi. Dakika 40 zinatosha. Uliza ni sehemu gani ya kazi imekuwa nzito kuliko mwaka jana, kifaa gani kingesaidia, nani anajifunza kazi yako, na unajiona wapi miaka miwili mitatu ijayo. Swali la mwisho liulizwe kijana pia, kwa sababu yeye huenda ndiye atakayeondoka kwanza. Jibu liandikwe kwa maneno ya mfanyakazi mwenyewe na kila upande ubaki na nakala.

Halafu kuna vipimo vya afya vinavyohusu kazi. Kuanzia miaka 40 hivi, kuona kwa karibu kunafifia kwa karibu kila binadamu. Fundi aliyeanza kukosea vipimo vya milimita, au karani anayechanganya 3 na 8 kwenye stakabadhi, apelekwe akapimwe macho kabla hujawaza barua ya onyo, na taa iliyo juu ya meza yake ya kazi iongezwe. Masikio nayo: kanuni za kelele za 2005 zinaweka kikomo cha desibeli 90 kwa saa 8, lakini mtu aliyesimama miaka 25 kando ya kinu cha kusaga anaweza kuwa alishapoteza kusikia sauti kali kabla hakujawa na vizibo vya masikio. Huyo hasikii honi ya forklifti ikirudi nyuma. Taa inayomulika juu ya forklifti inamwokoa yeye na kila mtu aliyevaa vizibo. Zamu za kuzunguka ziende mbele, asubuhi, kisha mchana, kisha usiku, kwa kuwa mwili unasogeza usingizi mbele kwa urahisi kuliko kuurudisha nyuma, na tofauti hiyo inaongezeka kadiri umri unavyopanda. Daktari akuandikie moja kati ya matatu: anafaa, anafaa kwa masharti haya, hafai kwa kazi hii. Jina la ugonjwa halikuhusu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti.

Na kazi ikishuka kweli? Andika kasoro kwa kipimo na tarehe: vipande vingapi vimerudishwa, mashine ilisimama mara ngapi. Toa wiki 8 hadi 12 na msaada unaoonekana. Kagua katikati ya muda, usingoje mwisho. Tafuta kama kuna kazi nyingine anayoiweza. Kisha, kabla ya uamuzi wowote, fanya kikao kinachotakiwa na kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira: mweleze sababu kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama ambaye amemchagua mwenyewe, na uwasikilize wote wawili. Notisi kwa anayelipwa kwa mwezi ni angalau siku 28, au zaidi kama mkataba unasema zaidi. Ikiwa tatizo ni ugonjwa, usikimbilie kikao likizo ya ugonjwa ikiwa haijaisha. Kiwango cha chini cha Sheria ya Ajira ni siku 7 kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu mshahara katika kila miezi 12, na mikataba mingi hutoa zaidi.

Njia hii inakulazimisha kusema. Usiposema, inakuadhibu vikali kuliko nyingine zote.

Njia ya pili: kupunguza siku au kubadilisha kazi

Fundi anatoka siku sita hadi nne, au anatoka kwenye mashine na kuwa mkaguzi na mwalimu. Wengi huipenda, na kwa kweli ndiyo inayofaa kampuni ambayo ujuzi wake umo vichwani mwa watu wawili watatu. Lakini hesabu yake ina shimo ambalo mfanyakazi hulitambua siku ya mwisho.

Tuseme mshahara ni 32,000 kwa siku sita za wiki. Kwa siku nne unakuwa 21,333. Hilo analiona. Asiloliona ni kiinua mgongo. Kama mkataba wenu unalipa siku 15 kwa kila mwaka wa utumishi kwa mshahara wa mwisho, na ana miaka 22, kabla ya mabadiliko anadai 16,000 mara 22, yaani 352,000. Baada ya kupunguziwa siku, mshahara wa mwisho ni 21,333, na miaka yote 22, ile aliyofanya siku sita, inahesabiwa kwa bei mpya: takriban 234,667. Amepoteza 117,333 kwa kukubali kusaidia kampuni. Dawa ni sentensi moja katika barua ya mabadiliko: "Miaka 22 ya utumishi hadi tarehe hii imehesabiwa kwa mshahara wa 32,000, nayo ni shilingi 352,000, zitakazolipwa siku ya kuondoka." Au alipwe sasa hivi na ukurasa ufungwe. Mfanyakazi asitie sahihi bila sentensi hiyo.

Pensheni ya michango, NSSF ikiwamo, haina shimo hilo kwa kuwa kilichokwisha kuingia kimeingia. Makato ya NSSF na ya afya ya jamii, asilimia 2.75, yatapungua pamoja na mshahara. Sheria inataka mabadiliko ya namna hii yafanywe kwa kushauriana na mfanyakazi na kuandikwa. Kumpunguzia mtu siku kwa tangazo la ubaoni ni kuvunja mkataba. Mshahara mpya pia usishuke chini ya kima cha chini kwa siku anazofanya.

Mtego wa pili ni siku nne za mshahara na kazi ya siku sita. Orodhesha majukumu yanayoondoka na jina la anayeyapokea. Kama huwezi kutaja jina, hujapunguza kazi.

Wa tatu ni cheo. Mtu aliyeitwa fundi mkuu kwa miaka kumi na tano akipewa kitambulisho kipya cha "msaidizi", vijana watamsoma hivyo kesho yake, na ujuzi uliotaka agawe hatautoa. Abaki na cheo chake.

Kugawa ujuzi kwenyewe kunataka mpangilio. Kaa naye mwandike kazi 15 hadi 20 ambazo ni yeye peke yake anayezijua: ile valvu inayokwama mvua zikianza, namna ya kusikiliza bearingi kabla haijavunjika, mteja yupi hulipa akipigiwa simu na nani. Weka wanafunzi wawili, usiweke mmoja, maana mmoja ataitwa Nairobi. Kwa kila kazi weka alama tatu zenye tarehe: ameona, amefanya akisimamiwa, amefanya peke yake. Kazi inayotokea mara moja kwa mwaka, kama matengenezo makubwa ya kiwanda cha sukari Chemelil au Muhoroni mitambo inaposimamishwa, inahitaji mzunguko mzima wa mwaka. Makabidhiano ya miezi mitatu hayaigusi kabisa. Na mwandikie mzee kwamba kumaliza kufundisha hakuleti karibu tarehe yake ya kuondoka. Bila barua hiyo ataona anachimba kaburi lake, na atafundisha nusu.

Njia ya tatu: kustaafu kisha mkataba wa mwaka mmoja mmoja

Hapa lazima tutenganishe watu wawili ambao waajiri huwachanganya.

Wa kwanza alistaafu kwingine. Mwalimu aliyemaliza utumishi wa TSC, tume ya walimu wa serikali, akiwa na 60 anakuja shule ya binafsi Kakamega au Bungoma; mhasibu wa serikali anakuja kwenye chama cha ushirika. Huyu ana pensheni, hana miaka ya nyuma kwako, na mkataba wenye tarehe ya mwisho unamfaa kama unavyokufaa wewe. Andika kazi, mshahara, tarehe ya kuanza na ya kuisha, likizo (siku 21 za kazi kwa mwaka ni haki yake pia), na kwamba uamuzi wa kuongeza utatolewa kwa barua siku 60 kabla ya mwisho.

Wa pili ni wako mwenyewe, aliyekufanyia kazi miaka 22. Kumwambia astaafu Ijumaa na arudi Jumatatu kwa mkataba wa mwaka ni jambo linalowezekana akikubali kwa hiari, lakini haki zote za mkataba wa kwanza zilipwe kwanza: likizo zilizobaki, kiinua mgongo kama kipo, na barua ya utumishi. Kosa la kawaida ni kumpa karatasi mbili siku moja, bila malipo yoyote katikati. Mahakama inayosoma karatasi hizo inaweza kuona ajira moja isiyokatika, na wewe umebaki na deni la miaka 22 huku ukidhani umelifuta.

Msimamo wa mahakama zetu kwa jumla ni kwamba mkataba wa muda ukiisha umeisha, wala mfanyakazi hawezi kudai uongezwe, isipokuwa kama mwajiri mwenyewe alimjengea tumaini. Tumaini hujengwa kwa vitu vidogo: "usijali Mzee, tutaendelea", ratiba ya zamu inayomtaja hadi mwezi baada ya mwisho, au kumwacha afanye kazi wiki tatu baada ya tarehe bila karatasi. Siku ya mwisho ikifika bila sahihi mpya, asiingie kazini siku inayofuata. Ni ukatili mdogo, lakini unamlinda pia yeye asifanye kazi bila kujua analipwa kwa masharti gani.

Mikataba ya miezi mitatu mitatu kwa mtu aliyekufanyia kazi maisha yake, sisi hatuipendekezi hata kidogo. Hawezi kuchukua mkopo wa sakosi, hawezi kupanga karo ya mjukuu, na kila baada ya wiki kumi anakuja ofisini akiwa ameshika kofia mkononi. Mwaka ndio uwe mfupi kuliko yote. Njia hii inalazimisha mazungumzo kila mwaka, ndiyo, lakini ni mazungumzo ambayo upande mmoja unaogopa.

Njia ya nne: kuandika umri kuanzia sasa

Inawezekana. Kwa wapya ni rahisi, unaweka kifungu katika mkataba wa ajira. Kwa waliopo ni mabadiliko ya masharti, na hapo ndipo watu hukosea: kanuni inaandikwa Januari, umri ni 60, na Februari watatu wenye miaka 61 wanapewa barua. Kwao hiyo ni kuachishwa kazi kwa jina lingine.

Utaratibu unaosimama ni huu. Wape wote rasimu, kwa Kiswahili. Fanya vikao na uandike waliosema nini. Chukua sahihi ya kila mmoja kwenye nyongeza ya mkataba wake. Kwa aliyekwisha kuvuka au kukaribia umri huo, weka kipindi cha mpito. Miaka miwili ni ya haki, na asiyekubali abaki kwenye masharti yake ya zamani. Mjulishe kila mtu tarehe yake kwa barua miezi 12 kabla, kisha miezi 6, kisha 3.

Tena kuna suala la tarehe yenyewe. Wazee wengi wa Magharibi na Nyanza walizaliwa nyumbani, na kitambulisho kilikadiriwa kwa kuuliza alizaliwa njaa gani au aliingia jando na nani. Mwingine ana mwaka mmoja kwenye kitambulisho na mwingine kwenye kadi ya ubatizo. Kanuni iseme wazi hati ipi inatumika, iseme kwamba penye mwaka tu itahesabiwa 31 Desemba, na kwamba tarehe iliyo kwenye jalada haibadilishwi katika miaka mitano ya mwisho bila uamuzi wa maandishi. Bila hayo utajikuta unabishana kuhusu kuzaliwa kwa mtu siku ya kumuaga.

Umri ulioandikwa unampa mfanyakazi kitu kizuri, nacho ni kujua. Anajenga, anapanda miti, anamaliza mkopo kwa tarehe. Ila ni haki pale tu ambapo michango yake imeingia. Kumwekea umri mtu ambaye NSSF yake ina mapengo ya miaka saba, na pesa za wazee za Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi, zinaanza akiwa na 70, ni kumtupa miaka kumi bila chochote. Udhaifu mwingine: meneja huanza kungoja tarehe. "Amebakisha miaka miwili, mwache." Ukimya umerudi kwa mlango wa nyuma.

Ubavu kwa ubavu

| | Mkataba wazi | Kupunguza siku | Mkataba wa mwaka | Umri ulioandikwa |
|---|---|---|---|---|
| Gharama ya mwanzo | Muda wa mameneja, vifaa | Kufunga hesabu ya miaka ya nyuma | Kulipa haki zote za kwanza | Vikao, mpito wa miaka miwili |
| Huharibika wapi | Jalada tupu | Kiinua mgongo kushuka, kazi isiyopungua | Ahadi za mdomo, siku za kupitiliza | Kuwabana waliokwisha kuvuka umri |
| Ujuzi | Hukaa, lakini haugawiwi wenyewe | Hugawiwa vizuri | Hufichwa kwa hofu | Huondoka na tarehe |
| Anayenufaika zaidi | Mwenye afya na kazi inayopimika | Fundi wa ujuzi adimu | Aliyestaafu kwingine | Mwenye pensheni iliyokamilika |

Kuna mlango wa tano ambao watu huupitia kimakosa: kutangaza kupunguza wafanyakazi ili wazee ndio watoke. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira kinataka notisi ya angalau mwezi mmoja kwa chama au kwa mfanyakazi, na kwa afisa wa leba, pamoja na angalau siku 15 za mshahara kwa kila mwaka uliokamilika. Kwa fundi wetu mwenye miaka 22 ya utumishi hiyo ni 352,000 ukigawa mwezi kwa siku 30, au takriban 406,154 ukigawa kwa 26. Zaidi ya hayo, sheria yenyewe inakutaka utazame aliyetangulia kuajiriwa, ujuzi, uwezo na uaminifu wa kila mtu. Mzee anashinda katika viwili vya hivyo, pengine vitatu. Ukimchagua yeye kwa sababu ya mvi, hesabu haitakaa. Na kama kazi yake ipo bado na kesho unamwajiri kijana aifanye, haikuwa kupunguza wafanyakazi.

Namna ya kusema

Kwa njia yoyote utakayochagua, kuna siku utakaa naye. Usimwite kwa kipaza sauti cha kiwandani. Nenda mahali pake pa kazi, msalimie kama unavyomsalimia kila siku, Mzee, Mama, au Jaduong' kama ndivyo Kisumu mnavyomwita, na mpe siku mbili tatu za kujiandaa: "Mzee, ningependa tukae Alhamisi asubuhi tuzungumze kuhusu kazi ya mwaka ujao. Ukitaka mwenzako awepo, mlete." Meneja kijana anaweza kumwomba mtu mzima mwingine wa kampuni akae nao, si aseme kwa niaba yake, awepo tu. Kisha aseme jambo lenyewe kwa kipimo: "Mwezi wa tatu vipande 14 vimerudi, mwaka jana mwezi kama huo vilikuwa 3. Unaonaje?" Halafu anyamaze asikilize. Mara nyingi jibu ni taa, ni goti, ni kijana aliyewekwa naye asiyejua kazi. Sentensi kama "umri umekwenda" au "tunahitaji damu changa" zisitamkwe. Zinaumiza, na zikifika mahakamani zinasimama kama sababu halisi.

Kumwonya mtu mzima mbele ya vibarua ni kumtukana, hata kama maneno ni ya adabu. Kumficha ukweli miaka mitatu ni kumdharau zaidi.

Tungechagua nini

Karakana, hoteli au kinu cha watu 10 hadi 40, kisicho na chama: mkataba ubaki wazi, pamoja na mazungumzo ya kila mwaka, na njia ya pili itolewe kwa anayeiomba. Kuandika umri kwa watu wachache hivyo ni kazi nyingi kwa faida ndogo. Kiwanda kikubwa au shamba lenye mkataba wa pamoja: umri ulioandikwa, lakini pamoja na kipindi cha kupunguza siku katika mwaka wa mwisho kwa kila mwenye ujuzi adimu. Shule na ofisi zinazochukua waliostaafu: mkataba wa mwaka. Kazi ya nguvu tupu, kukata miwa au kupakia, ndiyo ngumu kwelikweli. Hapo hakuna karatasi itakayosaidia kama mtu hakuanza kuhamishiwa kwenye mizani, stoo au usimamizi wa kikosi akiwa na miaka 50. Ukianza kuuliza akiwa na 60 umechelewa miaka kumi.

Wiki hii, kabla hujachagua lolote, fanya mawili. Waombe wote wenye miaka 50 na zaidi wafungue akaunti zao za NSSF mtandaoni, walinganishe miezi iliyoingia na pei slipu zao, na majina yalingane na kitambulisho herufi kwa herufi. Pengo la mwaka 2006 linazibika ukiwa bado una rekodi, si siku ya madai. Na soma hati zako za bima. Sheria ya fidia za ajali kazini haimwondoi mfanyakazi kwa sababu ya umri, lakini bima ya maisha ya kikundi mara nyingi ina kikomo, na usipokijua, familia ya mtu wa miaka 66 itakijua kwa niaba yako.